Siku Ishirini na Mbili za Machi

Kwambegu, Kilosa
6 Aprili 2025

Mwanangu Natalia,

Marahaba, ingawa shikamoo yako ya mwisho niliipokea Ijumaa ya tarehe 7 Machi, na hiyo ndiyo nataka tuizungumze leo. Hapa nyumbani hatujambo. Goti la mama yako linamgomea asubuhi, likishapata jua linamruhusu kwenda kuchota maji. Mbuzi yule mweusi amezaa pacha. Wewe je, kifua kimepona? Mikumi vumbi la malori ni jingi, ujifunike usiku.

Naandika kwa sababu maneno ya simu huyeyuka. Barua nampa kondakta wa basi la kwenu, na jibu umpe huyohuyo.

Alhamisi nilikwenda ofisi ya kijiji. Kwenye ubao wa matangazo wamebandika taarifa ya robo mwaka ya mradi wa maji, huu wa ruzuku ya Serikali ambao shirika lenu la Tuinuane ndilo linalousimamia. Nilifurahi, maana kubandikiwa hesabu ni haki ya wananchi. Nikasoma kuanzia juu, kama ninavyosoma kila kitu. Vilula vya kuchotea maji vilivyopangwa, vitatu. Vilivyojengwa, kimoja. Sababu, fedha zimekwisha. Chini yake gharama za watumishi, na chini ya hizo, majina na siku. Nikakuta: "Natalia Optatus, afisa maendeleo ya jamii, Machi, siku 22, kijiji cha Kwambegu."

Nilivua miwani nikaifuta. Nikasoma tena.

Mama Costancia alikuwa nyuma yangu, na wewe unamjua, hana neno linalomlala mdomoni. Akasema, "Mzee Optatus, kumbe binti yenu yuko hapahapa mwezi mzima? Analala kwa nani? Au mmegombana?" Waliokaa kwenye benchi wakacheka. Mmoja akasema labda unapita usiku usije ukaombwa chumvi.

Natalia, nilirudi nyumbani nikihesabu. Mimi najua ulikuja siku moja. Ulifika asubuhi, ukakaa na kamati ya maji hadi saa sita, kisha ukaja nyumbani na dawa ya goti, ukamchua mama yako, ukala, ukaondoka na basi la jioni. Sasa nichague moja kati ya mawili. Ama ulikuja kijijini kwa baba yako mara ishirini na mbili na mara ishirini na moja ukapita mlangoni bila kusalimu, ama hukuja, na karatasi ya Serikali ina uongo wenye jina langu.

Tena Machi hii ilikuwa na siku za kazi ishirini na moja tu, na moja ilikuwa Idi. Hata anayedanganya hakuangalia kalenda.

Mama yako sikumwambia. Aliambiwa na Costancia. Alilia, akauliza, "Mwanangu akija huku anakula wapi?"

Nasubiri jibu lako.

Baba yako,
Optatus


Mikumi
11 Aprili 2025

Baba,

Shikamoo. Kifua kimepona, asante. Mpe mama pole ya goti na umwambie mwanawe hajawahi kufika Kwambegu akala kwa mtu mwingine.

Baba, naomba usilichukulie jambo hili kwa uzito ulioliandikia. Ni utaratibu wa ofisi. Shirika lina miradi miwili. Mmoja ni huo wa maji. Wa pili ni wa mizinga ya nyuki huku Mikumi, ile tunayotundika kwenye kamba kuzunguka mashamba ili tembo wa hifadhini wasiingie. Machi karibu yote nilikuwa kwenye mizinga. Wafadhili wa mizinga wamechelewesha fedha, na ndani ya ruzuku ya maji kulikuwa na fungu la mishahara. Mkurugenzi, Bwana Goodhope, akasema wote tujaze karatasi za muda wa kazi kwa upande wa maji, mizinga ikipata fedha tutarudisha. Mhasibu wetu Mathias akazileta zikiwa zimeshajazwa. Mimi nilitia saini tu.

Kila shirika linafanya hivi, Baba. Bila hivyo tangu Januari tusingepata mshahara, na dawa ya mama ilinunuliwa kwa mshahara huo.

Nakuja Pasaka, tutaongea.

Mwanao,
Natalia


Kwambegu
15 Aprili 2025

Mwanangu Natalia,

Marahaba. Sisi wazima, ila usingizi umenikimbia, na si uzee.

Umeandika "nilitia saini tu". Sijapata kuona "tu" iliyobeba mzigo mkubwa namna hiyo. Kaa chini nikueleze kama nilivyokueleza hesabu za kugawanya ulipokuwa darasa la tatu, maana hesabu ni ileile.

Mtumishi mmoja kuhudumia miradi miwili si kosa. Mshahara wake unagawanywa kwa siku alizofanya kazi kweli. Akifanya siku tano kwenye maji, maji yalipe tano. Akifanya kumi na tano kwenye mizinga, mizinga ilipe kumi na tano. Fungu la mishahara lililo kwenye bajeti ni makisio ya mwanzo wa mwaka, halithibitishi kwamba mtu alikwenda kazini. Kama mizinga haina fedha, mkurugenzi akawaambie wenye mizinga. Asitumbukize mkono kwenye kisima cha watu wasio na habari. Na hiyo "tutarudisha" imeandikwa wapi? Nionyeshe karatasi yake.

Dawa ya goti nayo tumeirudisha kwenye mfuko wake. Mama yako amekataa kuipaka. Mimi nilimwambia aipake, goti halina kosa. Anasema alipake ya nini, wakati linauma kwa sababu ya kwenda kilula cha shuleni kule mbali, na kilula cha kitongoji chetu kimegeuka siku zako ishirini na mbili.

Sasa nikuambie jambo ambalo hata yeye halijui lote. Kabla sijaenda kusomea uhasibu, nilikuwa karani wa mahudhurio kwenye shamba la mkonge. Kila kibarua alikuwa na kipande chake, kadi ya siku thelathini, na mimi kila jioni nilitia alama na kuandika kazi aliyofanya na mahali alipoifanyia. Mwaka mmoja meneja alichukua vibarua kumi na wawili wakamjengee banda la kuku. Akaniambia, "Karani, waandike wanazibua mfereji wa kambi namba tatu." Nilikuwa kijana, nilitaka kupanda cheo. Niliandika. Siku ishirini na sita, watu kumi na wawili, kazi ya mfereji.

Masika yalipokaribia, mkaguzi alipitia vitabu ili aone mifereji ipi ipelekewe watu. Akasema namba tatu imezibuliwa, na fedha imeshatoka. Akavuka akaenda namba nne. Mvua ikanyesha siku nne mfululizo, mfereji ulikuwa umejaa majani na tope, maji yakaingia kambini. Familia tisa zilipoteza mahindi yao yote. Nilisimama nao tukichota tope, na hakuna aliyenilaumu, kwa sababu hakuna aliyesoma kitabu changu. Mimi nilikuwa nimekisoma.

Unaona ubaya ulipo? Fedha iliyokwenda kusikostahili inaweza kurudi. Lakini karatasi ikishasema kazi imefanyika, hakuna tena atakayetumwa kuifanya. Huko halmashauri, Kwambegu imeshaandikwa kuwa imehudumiwa siku ishirini na mbili kwa mwezi. Mwakani wataruka wapelekee wengine, na watakuwa na haki.

Nimekasirika, na sikufichi. Nimemkasirikia zaidi huyo Goodhope, mtu mzima anayewajazia vijana uongo na kuwaachia saini. Lakini saini ni yako.

Njoo Pasaka.

Baba yako


Mikumi
19 Mei 2025

Baba,

Shikamoo. Nisamehe kwa ukimya, na kwa Pasaka. Nilifika hadi stendi na begi. Nikafikiria kupita mbele ya benchi la ofisi ya kijiji, nikarudi chumbani.

Barua yako niliisoma mara moja nikaiweka chini ya godoro. Baadaye nikatoa daftari langu la kazini, lile ulilonifundisha kuandika kila jioni niliko. Sikuwahi kuliacha. Nililinganisha na siku nilizosaini, Januari hadi Machi. Baba, sikulala.

Nilimwendea Mathias. Akafunga mlango, akasema, "Dada, mimi nina watoto watatu na mkopo. Sioni, sisikii." Lakini akanipa nakala za karatasi zangu zote, na hakuniuliza nazitakia nini.

Aprili ilipoletwa imeshajazwa, sikusaini. Bwana Goodhope akaniita.

"Natalia, una tatizo gani na kalamu?"

"Siku hizi si zangu, bosi."

"Za nani basi? Za jirani?"

"Nilikuwa kwenye mizinga. Wenye mashamba waliniona, tembo nao waliniona."

Akacheka, kisha akaacha kucheka. "Serikali haiwezi kujua Jumanne ulikuwa wapi."

Nikamwambia, "Serikali haijui. Mama yangu anajua."

Akasema kumbe ameajiri mtoto wa mama. Akaniambia mkataba wangu unaisha tarehe 30 Juni, na wanaosaini ndio wanaoendelea. Amenipa hadi mwisho wa mwezi huu.

Kodi ya chumba nimelipa hadi Juni. Mdogo wangu Beda anasubiri ada ya chuo kutoka kwangu. Niambie nifanye nini.

Mwanao,
Natalia


Kwambegu
24 Mei 2025

Mwanangu Natalia,

Marahaba, marahaba. Mama yako amenisimamia hapa kuhakikisha nimeandika mara mbili.

Umeniuliza ufanye nini. Siwezi kukuamuru upoteze kazi, kwa sababu mimi kule kwenye mkonge sikuipoteza yangu. Nilikaa kimya, nikapanda cheo mwaka uliofuata. Kwa hiyo nakueleza namna tu. Uamuzi ni wako.

Usifute. Wengi hukosea hapo, wakigundua uongo wanachana karatasi ya zamani na kuandika mpya, na huo unakuwa uongo wa pili. Iache karatasi ileile. Juu ya namba isiyo ya kweli piga mstari mmoja, mwembamba, ili kila mtu aendelee kuisoma. Juu yake andika namba ya kweli. Pembeni weka saini na tarehe ya leo, si ya siku ile. Kisha andika sababu kwa sentensi moja isiyo na matusi. Fanya hivyo kwa kila mwezi, ambatanisha nakala ya daftari lako, mpelekee mkurugenzi moja, halmashauri moja, na moja ubaki nayo. Mathias usimtaje. Ana watoto watatu.

Usiandike siku za wenzako. Unazijua zako tu.

Beda nimempigia. Akasema atatafuta kibarua kwenye miwa huko Ruaha wakati wa likizo, na kwamba dada asisaini. Sikumwomba aseme hivyo.

Na mimi nimefanya langu. Kwenye mkutano wa kijiji Jumatano nilisimama nikasema kwamba taarifa ya ubaoni si ya kweli, na siku zisizo za kweli zimeandikwa kwa jina la mwanangu. Nilisema mimi kabla Costancia hajasema. Benchi halikucheka.

Baba yako


Kwambegu
2 Agosti 2025

Mwanangu Natalia,

Marahaba, popote ulipo. Hii ni barua ya tatu tangu Juni. Mbili kondakta amezirudisha, kasema ofisini wamemwambia hawakujui. Hii nimemwomba aiulizie kwa mama mwenye nyumba wako. Simu yako inaita, haipokewi. Mama yako anasema ukiamua kunyamaza unanyamaza kama mimi.

Nakuandikia nilichokiona. Jana walikuja watu wawili wa halmashauri na gari. Walibandua taarifa ile iliyobandikwa Aprili, wakabandika nyingine iliyosahihishwa. Wamesema shirika limeandikiwa kurejesha fedha za siku zote zisizo za mradi, za watumishi wote, na kwamba fedha hizo zina kazi moja tu, vilula viwili vilivyobaki. Mimi nimeona ahadi nyingi, nitaamini siku bomba litakapotoa maji. Lakini wamepima. Wamepigilia vijiti vyekundu hadi karibu na zizi letu, na mbuzi wameshang'oa kimoja. Nimekirudisha.

Pamoja na taarifa walibandika nakala za karatasi zako. Nilivaa miwani. Machi: 22, imepigwa mstari mmoja, mwembamba, inasomeka. Juu yake nilitegemea kuona 1. Nikakuta ½. Saini yako, tarehe 29 Mei. Na sababu: "Tarehe 7, asubuhi, kamati ya maji. Mchana nilikuwa kwa wazazi wangu."

Miaka kumi na moja ya kuandika vipande vya watu, sikuwahi kupata mtu aliyenirudishia nusu siku.

Costancia alikuja akasoma naye, taratibu, kwa kidole. Akasema, "Kumbe ile siku ulimchua mama yako goti kwa muda wako mwenyewe." Nikamwambia ndiyo. Akasema, "Basi mwambie aje, nimemwekea kuku." Kuku wa Costancia, unajua mwenyewe, huwa hatolewi kwa mtu.

Mama yako ameanza kupaka ile dawa.

Baba yako


Mikumi
9 Agosti 2025

Baba, Mama,

Shikamooni. Barua imenifikia. Sikupokea simu kwa sababu ningelia, na nilikuwa nauza chakula kwa madereva, hawapendi mpishi anayelia.

Mkataba haukuendelea. Ilikuwa tarehe 30 Juni, saa tisa alasiri, na Bwana Goodhope hakuniaga. Mathias alinisindikiza hadi barabarani akanibebea kiti changu.

Chumba narudisha Alhamisi. Ijumaa nitapanda basi la asubuhi, nishuke ofisi ya kijiji, nipite mbele ya benchi, kisha nije nyumbani. Costancia amfunge kuku vizuri.

Sijui nitakaa siku ngapi. Wewe ndiye karani, Baba. Zihesabu.

Mwanenu,
Natalia