Faili Namba Kumi na Nne

Jumamosi. Mvua imekatika saa nne, jua likatoka, kisha mawingu yakarudi. Nguo nimeanika, nimeanua, nimeanika tena.

Leo nina wivu. Naandika hivyo hapa juu kabisa ili nisije nikauficha katikati ya ukurasa.

Mwaka jana, kabla Mama hajafanyiwa upasuaji wa koo, daktari alituambia kwamba huenda sauti yake isibaki kama ilivyokuwa. Mama alikuwa askari magereza hapa Luzira. Sauti yake ilisimamisha gwaride bila kipaza sauti. Basi nikaazima kinasa sauti kizuri, na kila Jumapili baada ya ibada nikamketisha sebuleni asimulie maisha yake. Nilipata faili ishirini na mbili, kila moja na namba yake na mada yake daftarini. Nilichagua WAV, ile isiyobanwa, kwa sababu sikutaka hata pumzi yake moja ipotee.

Sauti haikubaki. Sasa anaongea kwa mkwaruzo, na akichoka anatumia mikono.

Apio ni pacha wangu, alinitangulia kwa robo saa. Yeye aliomba faili moja tu, namba kumi na nne, ile Mama anasimulia tulivyozaliwa. Akaibana kwenye simu yake kwa programu ya bure, akairusha kwenye kundi la familia. Chai yake ilikuwa haijapoa. Shangazi wa Lira akalia. Mjomba akaandika: "Apio mwanangu, Mungu akubariki, umetutunzia sauti ya dada yangu."

Umetutunzia!

Nilijibu palepale, mbele ya ukoo mzima, kwamba hiyo ni nakala takataka na kwamba sauti halisi ninayo mimi.

Tena kuna hili. Namba kumi na nne ina dakika nane na sekunde ishirini. Dakika saba ni za Apio: alivyotoka akipiga kelele, wauguzi walivyocheka, walivyompokezana. Zangu ni dakika moja na ushei. "Huyu wa pili alikuja kimya, hata hakutusumbua." Na hata humo ndani Apio kaingia tena, eti alipotoka Acen, yaani mimi, ndipo yeye akanyamaza. Huyu ni Mama ambaye majirani humwita Nnalongo, mama wa mapacha, na ambaye hajawahi kununua viatu jozi moja, maana pacha akipewa, na mwenzake apewe sawasawa. Dakika hakuzipima.

Nilizipima mimi.

Jumatano Mama aliomba rekodi zote ziwe kwenye simu yake. WAV zingeijaza simu hata picha ya mjukuu isipate nafasi, kwa hiyo ilibidi nizigeuze kuwa MP3. Nina utaratibu wangu: nabana kwa kiwango cha 128 ili sauti ibaki safi, nasikiliza, naweka alama ya vema daftarini, nafuta WAV, namwaga na pipa la taka la kompyuta, kwa sababu diski imebaki nafasi ndogo sana. Kadi ya kinasa sauti nilikwisha kuifuta nilipokirudisha kwa mwenyewe.

Moja hadi kumi na tatu zilikwenda vizuri. Kwenye kumi na nne mkono ulishuka kwenye orodha ya viwango hadi chini kabisa: 16. Nilijua ninachofanya. Nilitaka hadithi ya Apio isikike kama mtu anaongea ndani ya debe. Nikajiambia nitairudia siku nyingine, WAV si ipo?

Sikuisikiliza. Niliweka vema. Na baada ya vema, mkono ukafanya ulichokwisha kufanya mara kumi na tatu: ukafuta WAV, ukamwaga na pipa.

Niligundua nikiwa namba kumi na saba. Nilijaribu kuigeuza iwe WAV tena. Nikapata faili kubwa yenye debe lilelile.

Leo asubuhi Mama alikaa dirishani na simu, akaziruka zote, akafungua hiyo. Mimi nilikuwa jikoni nachambua mboga za dodo. Nikalisikia lile debe. Hakuifikisha hata nusu.

"Acen," akaniita kwa mkwaruzo wake. "Kumbe hata zamani sauti yangu ilikuwa hivi?"

"Hapana, Mama. Ni simu."

"Mimi nilidhani ilikuwa nzuri." Akaizima, akaigeuza kifudifudi mapajani.

Nakala nzuri iliyobaki duniani ni ile takataka ya Apio.

Nilisimama nyuma ya nguo zilizoanikwa, nikampigia, nikamwomba faili yake.

"Banange, jamani! Ofisa wa mafaili!" Alicheka hadi akakohoa. "Leo unaomba kwa mtu wa programu ya bure? Usiniambie kompyuta imekula."

Ningeweza kusema ndiyo. Alikuwa amenipa uongo mkononi, tayari.

"Haikula. Niliiharibu mimi. Kwa sababu inakusema wewe."

Nikasikia redio ya jirani yake.

"Wewe mjinga kwelikweli," akasema, lakini pole pole. "Inanisema mimi? Ile sehemu ya mwisho, ya kunyamaza, ndiyo niliyoitaka. Hiyo tu. Nilitaka kuikata ibaki hiyo peke yake, nikaona utagomba."

Faili ikafika kabla sijarudi mlangoni. Si safi kama ilivyokuwa yangu. Herufi za s zinakwaruza kidogo. Lakini ni Mama. Nilipomwekea asikilize, mgongo wake ulinyooka kwenye kiti kama yuko mbele ya gwaride. Ilipoisha alinyoosha kidole: tena. Nikamwambia ukweli, kwamba haikuwa simu, ilikuwa mimi. Kisha akanyoosha kidole tena.

Daftari langu lina safu ya chanzo. Jina langu limo mara ishirini na moja. Kwenye kumi na nne nimelikata na kuandika Apio, kwa wino. Kwenye kundi la familia nimeandika kwamba nakala yake ndiyo iliyotuokoa. Mjomba amempongeza tena yeye.

Wivu bado upo. Umepungua, haujaisha.

Kesho Apio anakuja kula nasi. Atakaa na Mama, watacheka yao, na saa ya ukutani inatazamana na viti vyao. Nitajaribu kukaa nikiipa mgongo, nisizihesabu dakika.