Walidhani Nyabuto Amenuna

Edmonton, Kanada

Mpendwa wifi yangu Nafula,

Nakusalimu kutoka huku kwenye baridi isiyo na adabu. Mgongo umeacha kukuuma? Na Moraa, bado anakimbilia mlangoni kila pikipiki ikipita? Mimi mwili ni mzima, mengine utayaona humu. Nimeandika kwa mkono kwa sababu kwenye simu tukianza tu tunalia na hakuna linalosemwa.

Uliniomba niwaambie wale watu wa mtandaoni wa mume wako, maana simu yake haiachi kulia na wewe huwezi kuitazama. Nimewaambia. Ila ngoja nikueleze ilivyokuwa, kwa sababu wewe ulikuwa ukimcheka tu na watu wake wa nyota.

Unajua ndugu yangu alivyoipenda Merikebu ya Kumi na Moja, ile tamthilia ya wasafiri wa angani. Mchuma chai wa Ekerenyo, lakini umuulize injini ya ile merikebu, atakueleza mpaka ugali upoe. Aliyempenda zaidi ni Teru, fundi wa injini, aliyeondoka kwao akiwa kijana na hakurudi. Tamthilia iliisha Teru akiwa amekufa vitani, na mwili wake hatukuonyeshwa ulikopelekwa. Kisha kikatangazwa kitabu cha hadithi fupi kuhusu wahusika wale wale, na kundi zima likaanza kubishana Teru atazikwa wapi. Wengi, Wazungu hasa, walisema aachwe aelee kati ya nyota, kunapendeza. Nyabuto akawaka.

"Kwetu mtu hatupwi," aliwaandikia. "Hata akifia wapi analetwa nyumbani, analala kando ya nyumba yake. Kitabu kikimwacha huko, hamtanisikia tena."

Siku hiyo alinipigia akiwa bado moto. "Kerubo, kwani hawa watu hawana matanga?" Nilicheka mpaka mzee niliyekuwa nikimlisha uji kazini akaniuliza kuna nini.

Baada ya hapo ndipo pikipiki yake ilipoteleza kwenye matope. Yaliyofuata unayajua kuliko mimi. Karatasi zangu zilikuwa bado hazijatoka. Ningeondoka, nisingeruhusiwa kurudi. Nikamzika ndugu yangu kwenye simu, nimeketi stoo ya mashuka kazini. Mlipoanza kuteremsha jeneza, picha ikaganda. Nikabaki nikitazama kiwiko cha pasta.

Kisha kitabu kikatoka. Teru wamemwacha huko huko angani. Kundi zima likageuka kumtafuta Nyabuto, na wifi, walidhani amenuna! Si alisema hawatamsikia tena? "Nyabuto, toka huko uje utupige." "Huyu jamaa kweli ameshika neno lake." Mama mmoja, mwalimu mstaafu aliyekuwa akibishana naye kuliko wote, alimwandikia kila siku: "Rudi bwana, nimekubali nusu."

Niliingia kundini mwao, nikawa nikiyasoma wakati wa chakula cha mchana na kushindwa kuandika hata neno. Pale ndugu yangu alikuwa hai, amekasirika tu. Kwingine kote alishakufa. Hata wewe ulikuwa umeanza kusema "Nyabuto alikuwa." Nilitaka wamtanie siku moja zaidi, halafu moja tena.

Sabato iliyopita nikaandika. Nikasema mimi ni dada yake, hajanuna, tumemzika. Kisha wakaanza kuja mmoja mmoja kama watu wanaoingia matangani, kila mtu na neno lake. Yule mwalimu aliuliza jambo moja tu: "Alirudishwa nyumbani?"

Nikamjibu kwamba amelala kando ya nyumba yake, mkono wa kulia, migomba ikiwa nyuma yake. Hakuhitaji kurudishwa, hakuwahi kuondoka.

Akaandika, "Nashukuru kusikia hivyo. Na wewe, mwanangu, uko wapi?"

Nafula, nililia mpaka wenzangu wakaja. Mtu wa kunirudisha mimi nyumbani alikuwa Nyabuto. Tulishaongea: nikifia huku, yeye ndiye angehangaika na ndege na makaratasi, yeye ndiye angenipokea. Sasa sijui nimtegemee nani. Nafanya kazi, nakula, nalala, na moyo wangu umevunjika, sina namna nyingine ya kulisema.

Huyu anayekuletea barua atakupa na kitabu chenyewe. Hadithi ya Teru ndiyo ya mwisho. Moraa akikua umsomee, na ukimaliza umwambie baba yake alikataa.

Nisalimie Mama, umwambie avae zile soksi, si za kuwekwa kabatini. Baba naye msalimie, najua hasemi kitu, msalimie tu. Na yule jirani yetu aliyepikia wageni siku zote zile, mwambie sijamsahau.

Siku nitakapofika, wifi, usinifungulie mlango kwanza. Nipeleke kwake. Wote mlirusha udongo wenu, wangu bado. Nasikia Baba anataka kaburi lijengewe. Mwombe angoje. Usikubali waweke saruji kabla sijafika.

Ni mimi wifi yako, wa kwenu hata nikiwa mbali,
Kerubo