Redio ya Gari la Fahim

Mtaa wa Ziwani,
Nairobi.
9 Machi 2025.

Kwako ndugu yangu Baba Aluoch,

Salamu nyingi zikufikie huko Ahero, wewe na Mama Aluoch, pamoja na wajukuu ambao sijabahatika kuwaona. Natumaini magoti yako hayakusumbui kama yangu yanavyonisumbua, na kwamba mpunga umepata maji ya kutosha. Najua utashangaa kuuona mwandiko wangu baada ya miaka hamsini na moja. Nakuomba usiichane barua hii kabla ya kufika mwisho.

Kwanza nakupa habari za msiba. Kaka yangu Fahim alifariki dunia siku kumi na tisa zilizopita, tukamzika alasiri ileile katika makaburi ya Kariokor. Aliugua kiharusi miezi minane. Mkono wa kulia ulikufa na ulimi ukawa mzito, lakini akili haikumtoka. Aliniachia amana nikufikishie. Siwezi kuitoa peke yake, Willis; sharti nikueleze jinsi ilivyokuja.

Utalikumbuka gari lake la spoti, lile jekundu la viti viwili lisilo na paa, ulilokuwa ukilicheka ukisema kwamba mke akipanda, mama mkwe atabaki barazani. Lilikaa juu ya mawe nyuma ya nyumba miaka thelathini, kuku wakitagia ndani. Fahim alipougua, binti yake Rufaida aliazimia kulifufua, ili baba yake aketi ndani mara moja tu, likiwa kama lilivyokuwa. Alitafuta taa, usukani, hata vifungo vya turubai. Kilichobaki ni tundu katikati ya dashibodi. Akaniambia, “Ami, nitafutie redio ya wakati ule. Tukiweka nyingine, Baba atajua.”

Nilitafuta miezi miwili. Nilianza Kariobangi, kwa mafundi wa jua kali. Mmoja wao alinicheka mbele ya wenzake: “Buda, weka ya blutuuthi tu! Hiyo yako iliondoka na mkoloni.” Kisha nikaelekezwa Baba Dogo kwa Matheka, mzee mwenzetu anayetengeneza redio. Yeye alinieleza kwamba katika magari ya Kiingereza ya miaka ile ncha chanya ya betri ndiyo iliyofungwa kwenye bodi, kwa hiyo redio ya kisasa ingeungua siku ya kwanza. Alinitolea tatu za zamani. Ya kwanza ilikuwa na mdomo wa kaseti, ya pili ilikuwa pana mno, na ya tatu ilikuwa na uso unaofaa, lakini ndani ilikuwa kutu tupu. Akaniuliza ile ya asili ilipotelea wapi. Nikamjibu kwamba iliibwa, kama tulivyosema sote tangu mwaka wa 1974.

Mwezi wa pili wa kutafuta ulipokaribia kwisha, Fahim aliacha kula. Rufaida alilia jikoni, akasema basi baba yake aketi na tundu hilohilo. Siku mbili baadaye nilimpelekea redio, na Matheka akaja kuifunga. Tulimbeba Fahim katika blanketi tukamketisha mbele ya usukani. Rufaida akaiwasha. Ilitoa mvumo tu, kama mvua juu ya mabati, na mbali ndani yake sauti ya mtu isiyoshikika, maana stesheni za masafa yale zimebaki chache. Fahim akaipapasa kwa mkono wa kushoto, polepole, mpaka kidole kikafika chini ya kifundo cha kuongezea sauti. Kikasimama hapo. Machozi yakamtoka. Kisha akasema, neno baada ya neno, nasi tukimngoja: “Willis ameirudisha.” Akanishika kiganja. “Mwambie nimemsamehe. Mwambie, Haji.”

Hiyo ndiyo amana. Nimeifikisha kama alivyoitamka. Sasa soma na hili.

Chini ya kifundo kile kuna herufi ya jina lako uliyoichonga kwa msumari siku ulipoifunga redio ile, ukasema kwamba fundi asiyetia alama kazi yake ana la kuficha. Redio niliyompelekea Rufaida haikutoka kwa Matheka. Ilitoka katika sanduku langu la bati, chini ya kanzu za marehemu baba yetu. Kariobangi na Baba Dogo nilikwenda kutafuta nyingine ili hii isionekane. Niliyeichukua ni mimi.

Baba alikuwa amefariki, na mama alikuwa katika mwezi wa pili wa eda. Nyumba ilipaswa kutulia. Fahim alikuwa akiketi garini chini ya dirisha la mama na kupiga muziki. Nilimkataza mara tatu. Akaniambia nisijifanye shehe wa mtaa. Ijumaa moja alipokwenda msikitini, nilibaki nyuma nikisingizia homa. Nikachukua spana ya kipande cha bomba uliyoitengeneza mwenyewe kwa ajili ya nati zile, maana spana nyingine ingezikwaruza, uliyoniachia niitunze, nikaifungua redio. Nilikusudia kuirudisha eda itakapokwisha.

Hata alasiri haikufika. Fahim alizitazama nati, hakuona mkwaruzo, akasema hiyo ni kazi ya mwenye spana. Akakuita mwizi mbele ya watu waliokuja kutupa pole, na Mama Aluoch amesimama mlangoni na birika la chai aliyompikia mama. Hukusema kwamba spana ilikuwa kwangu. Ulinitazama, ukangoja niseme mwenyewe. Nami nikautazama mkeka. Juma lile uliomba shirika la reli, ulikokuwa ukifanya kazi, likuhamishie Kisumu.

Baada ya siku ile ya garini, Fahim aliishi siku sita zaidi. Kila siku niliketi kando ya kitanda chake nikimsomea Yasini, na sikusema. Nilijiambia kwamba amepata utulivu, nisimvuruge. Sivyo. Niliyaogopa macho yake kama nilivyoyaogopa yako. Amekufa akikusamehe kosa langu, hali yeye ndiye aliyepaswa kukuomba radhi, na mimi ndiye niliyemzuia.

Rufaida nilimweleza jana. Aliniomba spana, akaenda akaifungua redio, akaifunga katika leso ya marehemu mama yake na kuiweka mbele yangu. Amesema tundu litabaki wazi mpaka wewe uamue. Atakayekuletea barua hii atakukabidhi redio na spana yako pamoja. Ukiona vema, njoo uifunge kwa mkono wako. Usipoona vema, ni mali yako, ifanye upendavyo. Msamaha siuombi katika karatasi.

Nisalimie watoto na wajukuu. Mama Aluoch umwambie kwamba birika lake lilibaki pale mlangoni hadi jioni, chai ikapoa, na hakuna hata mmoja wetu aliyeinywa.

Ni mimi, uliyekuwa ukiniita ndugu kwa lugha yenu, omera,

Haji