Kinyumenyume Hadi kwa Nekesa

Jumapili jioni, mwezi wa nne, 1978. Kawangware.

Mvua imeacha kunyesha lakini paa bado linadondosha. Nimekaa kitandani. Kiti changu kiko mlangoni, kinasubiri tope likauke ndipo nilikwangue na kijiti kwenye magurudumu. Mabega yananiuma ingawa sikusukuma chochote leo. Ni maumivu ya kujikaza tu.

Leo nimeongea na mkwe wangu.

Asiyejua mila za kwetu Bungoma atauliza, hilo nalo ni la kuandika? Kwetu mama mkwe na mkwe hawasalimiani kwa mkono, hawali meza moja, hawatazamani usoni. Wakikutana njiani, mmoja anajibanza kando. Inakuwa hivyo mpaka ifike siku ya shughuli ya kupeana zawadi mbele ya wazee, na siku hiyo sisi bado hatujaiona. Kwa hiyo Wafula, mume wa binti yangu Nekesa, nimekuwa nikimjua kwa mgongo. Tangu amuoe, kila nikimwona ni mgongo unakata kona. Nimejua shati zake zote kwa nyuma. Uso wake nimeuona kwenye picha ya harusi tu.

Sikuwa na shida na jambo hilo. Heshima ni kitu kizuri, na ukiwa na mtu ambaye huwezi kumtazama, huwezi pia kugombana naye.

Lakini mwisho wa mwezi uliopita Nekesa alijifungua mtoto wa kiume. Alijifungua kwa taabu, akashonwa, akaambiwa asitembee mbali. Yeye yuko Makina, Kibera, mimi niko huku. Mtoto wangu wa pekee amezaa, na mimi nimekaa Kawangware nikifuma kofia ya sufu. Kofia yenyewe nimeifuma mara mbili. Ya kwanza niliifumua mwenyewe, kwa sababu siku zilikuwa zinapita na nilijua kichwa cha mtoto hakiningoji.

Kila aliyeniuliza kwa nini siendi nilimwambia ni tope. Njia ikikauka nitaenda. Huu ni mwezi wa nne, njia gani itakauka?

Haikuwa tope. Ilikuwa woga.

Nyumba yao iko bondeni, nyuma ya msikiti. Lami inaishia juu, halafu ni mteremko wa udongo mwekundu mpaka mlangoni kwao. Mwaka jana nilienda. Vijana wanne wa pale waliniona na kiti changu, wakaja mbio kunisaidia kabla sijafungua mdomo. Kila mmoja alishika alipopaona. Wawili walishika mikono ya kiti, ile ya pembeni ninayoegemezea viwiko, nayo mikono hiyo imetengenezwa ing'oke ili mtu aweze kuhamia kitandani. Waliponyanyua, iling'oka. Wao walibaki wamesimama na mikono ya kiti, mimi nilikuwa chini kwenye matope. Waliniomba msamaha kwa adabu nzuri sana. Siwalaumu, mioyo yao ilikuwa safi. Ila tangu siku hiyo, nikiona mteremko natafuta njia nyingine.

Basi leo baada ya kanisa Wanjiru akaja. Wanjiru ndiye mwenye ploti hii, na mimi ni mpangaji wake tangu kabla mbao za mjengo hazijaniangukia mgongoni na kuninyima miguu. Alikuja na pikapu ya mume wake, na mzee mwenyewe kwenye usukani, na kiondo kimejaa ndizi na unga.

"Leo unaenda," aliniambia. "Kama ni tope, tutaosha miguu. Mtoto akianza shule ndio utaenda kumwona?"

Nilichukua kofia.

Wanjiru ana moyo mkubwa kuliko subira. Ananisukuma kama anayewahi kufunga duka. Pale pale uani alining'iniza kiondo kwenye vishikio vya nyuma ya kiti, na nikamwambia akitoe. Hakusikia. Niliponyanyuliwa tu kuingia kwenye pikapu, kiti hakikuwa tena na uzito wangu wa kukituliza, kikapinduka nyuma, unga ukamwagika. Nikamwambia ndiyo maana mzigo unakaa mapajani mwangu. Akaniambia niko na maneno mengi kwa mtu anayepewa lifti. Tulicheka, na kucheka kulinisaidia mpaka tukafika Makina, tukashushwa pale lami inapoishia, na mzee wake akasema atarudi jioni.

Kisha nikauona mteremko.

Sista wa hospitali alinifundisha vizuri. Kwenye mteremko mkali kiti kinageuzwa. Anayekushusha anatangulia yeye upande wa chini, anashika vishikio, anarudi kinyumenyume polepole akitazama nyuma begani, na wewe uso wako unabaki kutazama juu ulikotoka. Ukishushwa uso mbele, yale magurudumu madogo yakizama kwenye tope, kiti kitasimama na wewe utaendelea peke yako. Nilimweleza Wanjiru haya yote. Alinigeuza, akashika, tukaanza.

Alikuwa amevaa viatu vya kanisa. Hatukufika mbali, soli zikateleza, na kiti kikaanza kumsukuma yeye badala ya yeye kukizuia.

"Breki!" akasema. "Weka breki!"

Sikuweka. Breki ni za kiti kilichosimama. Ukiziweka kikiwa kinakwenda, kinashtuka na kukutupa. Nilishika rimu za magurudumu kwa viganja vyote viwili, nikazibana mpaka zikanichoma, na kiti kikaenda mrama na kusimama kimejiegemeza kwenye ukuta wa nyumba ya watu. Hapo ndipo nilipoweka breki. Wanjiru alikuwa amepiga magoti kwenye tope, anahema. Hakuwa na nguvu ya kunirudisha juu wala ya kunishusha.

Nikageuza shingo kutazama chini, nikamwona.

Wafula alikuwa amesimama karibu na mlango wao. Yeye ni fundi wa baiskeli, mabega yake ni mapana. Pembeni yake palikuwa na debe, na njia yote ya chini alikuwa ameimwagia majivu na changarawe ili magurudumu yangu yashike. Kumbe Wanjiru alikuwa amemtumia Nekesa habari kwamba tunakuja, naye Wafula alikuwa amefanya kazi hiyo halafu akageukia ukuta, kama inavyotakiwa, tupite.

"Wewe kijana!" Wanjiru akamwita. "Kuja ushike hapa, si unaona tunaanguka?"

Akapanda hatua kadhaa, akasimama. Alitazama chini. Mimi nilivuta leso nikafunika uso. Wanjiru akatutazama, huyu na yule.

"Sasa mnangoja nini? Mvua imalizie?"

Nilikuwa nawaza mama yangu marehemu, aliyewahi kukaa nyuma ya ghala tangu asubuhi mpaka jioni bila chakula kwa sababu mkwe wake alikuwa uani. Hata nikitaka, ningemwambia nini Wafula? Na yeye angeshika kiti cha mama mkwe aende kusema nini kwao?

Halafu, kutoka ndani ya nyumba kule chini, mtoto akalia.

Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumsikia. Machozi yalinitoka pale pale chini ya leso, na nikajua sitarudi Kawangware bila kumshika.

"Wanjiru," nikasema, "mwambie huyo mtu apite nyuma yangu."

Alipita. Nilisikia viatu vyake vikikanyaga tope, halafu nikahisi kiti kimetulia, kama kimepata mwenyewe. Na hapo ndipo nilipogundua kwamba simwoni. Nilikuwa natazama juu, kwenye lami. Yeye alikuwa nyuma yangu, anatazama njia ya chini. Hata leso nikaiondoa. Hakuna aliyemwangalia mwenzake.

"Mwambie ashike vishikio vya nyuma. Asiguse mikono ya pembeni."

"Amesema usiguse mikono," Wanjiru akamwambia mtu aliyekuwa na sikio karibu na kichwa changu.

"Mwambie apanue miguu, akunje magoti kidogo, na asivute. Uzito uje wenyewe, yeye anauzuia tu."

"Kwani huyu ni kiziwi?" Wanjiru akaniuliza.

"Mwambie."

Akamwambia. Wanjiru mwenyewe nilimwambia ashike chuma cha mbele, si vikanyagio, kwa sababu navyo vinang'oka. Nikatoa breki. Tukashuka. Kila nilichosema kilizunguka kwa Wanjiru kwanza, na Wafula alikifanya kabla Wanjiru hajamaliza kukisema.

Tulifika pale mtaro wa maji ya mvua unapokata njia. Gurudumu la kushoto likaingia ndani. Kiti kikainama, kiondo kikaniteleza mapajani, na nikaiona ile siku ya mwaka jana inarudi yote.

"Wafula, simama! Usivute! Egemea kulia!"

"Nimesimama, mama. Nimekushika."

Kiti hakikuanguka. Alikizuia kwa kifua, akangoja nipumue, kisha akakiinua nyuma kidogo na gurudumu likatoka. Wanjiru, ambaye wakati wowote huwa na la kusema, alisema tu, "Kumbe mdomo uko."

Sauti ya Wafula ni ya chini, ya upole. Sikujua. Imekuwa muda wote huu binti yangu analala na kuamka na sauti hiyo, na mimi sikujua.

Tulipofika mlangoni aliweka breki zote mbili, akakitikisa kiti kuhakikisha. Hilo sikumwambia. Halafu nikasikia hatua zake zinazunguka nyuma ya nyumba. Nilipogeuzwa, hakukuwa na mtu ila Nekesa mlangoni, amekonda, analia na kucheka.

Nilimshika mjukuu wangu. Sijui niandike nini hapa. Ana joto. Ana vidole virefu. Kofia ilimtosha na ikabaki nafasi kidogo, na nilifurahi kama niliyeshinda mtu. Nimekaa na huzuni ya kutokwenda kwa siku nyingi, nikijiita bibi wa jina tu, na leo ilinitoka yote.

Nekesa akaniambia kitu. Tangu azae, Wafula amekuwa akimuuliza jinsi kiti changu kinavyoshikwa. Breki ziko wapi, kitu gani kinang'oka, kwenye mteremko inakuwaje. Nekesa alimkumbusha kwamba yeye hawezi kunisukuma. Akajibu, "Najua. Nauliza tu."

Mvua ikarudi. Nyumba yao ni chumba kimoja, na mimi nilikuwa ndani, kwa hiyo yeye hakuweza kuingia. Nekesa alimpelekea chai kwa nje. Niliona mkono mmoja tu ukipokea kikombe pembeni ya mlango, mkono mweusi kwa grisi. Mimi nakunywa chai kwake, nimebeba mtoto wake, na yeye amejibanza chini ya paa lake mwenyewe analowa. Nilimwonea huruma sana. Nilitaka kusema aingie, nikaishia kuirekebisha kofia ya mtoto.

Kupanda kulikuwa rahisi zaidi. Kupanda, uso unatazama mbele na msukumaji yuko nyuma. Tena hatukuonana. Nilijiinamisha mbele kidogo ili kiti kisipinduke, na alipochoka tulipumzika, kiti kikiwa kimekingamishwa njia na breki zimewekwa. Nilikuwa nacheka kimoyomoyo. Ukishuka yuko nyuma yako, ukipanda yuko nyuma yako. Aliyetengeneza kiti hiki lazima alikuwa na mama mkwe.

Tukafika kwenye lami. Nikasikia breki, tak, tak. Pikapu ilikuwa bado haijafika. Wafula hakuondoka mara moja. Nadhani hakutaka kuniacha barabarani, na hakujua jinsi ya kubaki.

Nilitaka kumshukuru, lakini moja kwa moja sikuweza. Yale maneno ya kwenye mtaro yalikuwa ya hatari, na sasa hakukuwa na hatari. Basi nikasema, macho yangu barabarani, "Wanjiru, mwambie huyo mtu breki ya kushoto imelegea. Kama ana nafasi Jumamosi, aje Kawangware na spana."

Nikageuka upande wangu wa kulia. Wanjiru hakuwepo. Alikuwa ng'ambo ya barabara, anabishana na muuza vitunguu, na sijui alikuwa kule tangu saa ngapi.

"Nitakuja, mama," sauti ikasema nyuma yangu.

Nimeijaribu breki hiyo sasa hivi, kwa kunyoosha mkono kutoka kitandani. Imekaza vizuri kabisa. Haijawahi kulegea.

Jumamosi atakuja na spana yake, na chumba changu nacho ni kimoja. Kiti nitakigeuza kitazame wapi?