Siku Zamzam Alipoanguka Ludara

Jumamosi jioni, Arua. Mvua ilinyesha alfajiri ikakata, na tangu hapo anga limetakata. Nimeoga mara mbili na bado kuna tope jekundu nyuma ya sikio. Mwili wote unauma, na nina furaha ya kijinga hata kula kumenishinda.

Leo nimeona jambo, shajara yangu.

Tulikuwa Ludara, kule Koboko, kwenye uwanja wa mazoezi ya vijana. Kamba, kuta za mbao, daraja la matairi, vyote vimefungwa kwenye nguzo za mikaratusi. Mimi ndiye mlezi wa kikundi chetu, vijana wa kanisa na wa msikiti pamoja, na kila mwaka nawapeleka huko wajifunze kushirikiana. Kazi yangu ni kusimama chini na filimbi shingoni nikipiga kelele, "Aminianeni!" Kupanda, sijawahi kupanda hata siku moja. Mimi na kilo zangu tunajuana.

Zoezi la mwisho ndilo linalotisha. Unapanda jukwaa lenye kimo cha kifua changu, unawapa wenzako mgongo, unakunja mikono kifuani, unajiachia. Watu kumi chini wanakudaka.

Sasa, kuna Zamzam, binti wa miaka kumi na saba, mtoto wa Haji mmoja wa Koboko mjini. Siku ya kwanza nilipokwenda kumwombea ruhusa, Haji alinipa sharti moja mlangoni kwake: "Madam, mtoto iende. Lakini kijana hapana kugusa yeye." Nikaapa. Wasichana wote kikundini ni watano tu, hawatoshi kumdaka mtu. Kwa hiyo kila mwaka, zoezi hilo likifika, Zamzam na wasichana wenzake wawili wa Kiislamu nawakalisha kivulini, wanawapigia makofi wanaoanguka. Nilikuwa naiita heshima.

Leo Zamzam hakukaa.

Alikuja akasimama mbele yangu. "Madam, hii mwaka ya tatu. Mimi nakuja Ludara kupiga makofi tu? Kama iko hivi, mwaka ngine mimi nabaki nyumbani."

Hakuwa na hasira. Heri angekuwa nayo, ningemkemea yakaisha. Nikimruhusu, nimevunja ahadi kwa baba yake. Nikimkatalia, nimempoteza, na wale wawili watamfuata. Nilibaki nachezea filimbi kama mtoto.

Ndipo akanyoosha kidole kwenye turubai zito la lori lililotuleta, tulilokuwa tumelitandika chini kwa chakula. "Turubai si iko? Muhogo ikianikwa, mvua ikikuja, nyumba yote nakimbia, nashika pembeni, nabeba. Hata gunia mbili. Mimi iko gunia mbili?"

Vijana walicheka, lakini huku wanacheka walikuwa wameshaanza kulikung'uta. Hakuna aliyewaelekeza. Nani huku hajawahi kukimbizana na mvua kuokoa muhogo? Walikunja kingo mara tatu, wakazikamata kwa ngumi, wakapinda magoti kidogo, wakavuta. Wavulana upande huu, wasichana upande ule. Drani, mwalimu wa uwanja, alilikagua mshono kwa mshono. Akasema litafaa, ila kwanza lijaribiwe na mzigo mzito kuliko Zamzam.

Wote wakanigeukia mimi.

Nilipanda ngazi. Nilitaka sana kuteremka, nakiri. Lakini aliyeapa kwa Haji ni mimi, na kama kuna wa kuumia basi niwe mimi. Nikawapa mgongo. Nikasikia sauti ya Zamzam chini, "Sisi nashika, Madam. Kuja."

Nikajiachia.

Sijui niielezeje. Tumbo lilibaki juu, mimi nikatangulia. Niliona anga tupu, pana mno, nikasahau kupiga kelele. Kisha turubai likanipokea taratibu, linanuka dizeli, na nyuso zao zikanizunguka pande zote, mishipa ya shingo imewatoka, hakuna hata mmoja aliyelegeza. Nililia mbele yao bila aibu. Miaka yote nimewahubiria kuaminiana, nami mwenyewe sikuwa nimewaamini hata kidogo.

Halafu Zamzam. Alikaza hijabu yake, akapanda, akageuka, akaanguka macho wazi. Walimpokea, wakamteremsha chini polepole mno. Hakuna aliyepiga makofi. Walisimama tu wanahema, wanamtazama akiinuka na kujikung'uta. Nilisisimka mwili mzima. Nilipogeuka, wale wasichana wawili walikuwa tayari kwenye ngazi wanasukumana nani atangulie.

Tukirudi nilipita kwa Haji nikamweleza yote, sikuficha kitu. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Mikono ya kijana ilifika kwake?"

"Haikufika, Haji. Ilishika turubai."

Akatikisa kichwa kukubali. Kisha akaniuliza, "Na miaka ile ngine, yeye nafanya nini kule?"

Nikamwambia ukweli: nilikuwa namkalisha kivulini na wenzake.

Haji akasema, "Mimi nasema kijana hapana kugusa. Mimi hapana sema mtoto ikae."

Nimekuja na maneno hayo njia nzima hadi Arua. Hilo la kukaa nililiongeza mimi, na kwa miaka miwili nikamsingizia baba wa watu. Mangapi mengine nimeyaongeza?