Herufi Moja Kwenye Kaburi la Naomi

Dada,

Shikamoo. Najua marahaba haitakuja, lakini siwezi kuanza barua kwa dada yangu mkubwa kama mtu aliyelelewa na fisi.

Tangu utuache mvua zimekuja zimeondoka. Uwele wangu umekubali kuliko wa mtu yeyote hapa Mgori, waulize wanaokuja huko. Alizeti ya jirani imeliwa na ndege, yangu wameiogopa. Mlenda hakuna anayeupika kama wewe. Wifi yako anajitahidi. Nakula, nanyamaza. Ndiyo, mimi nanyamaza, usicheke.

Sasa jambo lenyewe. Tulipokujengea kaburi, saruji ikiwa mbichi, fundi alishika msumari aandike. Nikamnyang'anya. Nikasema hakuna fundi wa kumwandika dada yangu wakati mimi nipo na macho ninayo. Nikaandika jina lako, na chini yake: AMERARA KATIKA BWANA. Nikajisifu, dada. Nikasema tazameni mstari ulivyonyooka, hata mwalimu haufikii. Saruji ikakauka.

Kesho yake Yohana wako akanivuta pembeni. "Mjomba, ni amelala. Siyo amerara."

Nikamwambia huku kwetu tunarara, babu zetu walirara, na hakuna aliyechelewa kuamka. Akacheka kidogo, kisha akalia. Mimi sikulia.

Toka hapo ikawa vita. Yohana anataka avunje, aweke marumaru kabla mchungaji hajaja kubariki msalaba. Anasema walimu wenzake watatoka Manyoni, wataliona kaburi la mama yake na kucheka. Nikasema atakayegusa saruji ile atanikuta hapo. Na nilikaa kweli, na kigoda changu, siku mbili. Mchungaji akaja, kijana yule, akasema, "Mzee, Bwana anasoma moyo." Nikamjibu basi asome wa kwangu, wewe uniache. Nimeshamwomba radhi. Shingo upande, lakini nimeomba.

Walidhani ni kiburi. Kiburi kipo, nimezaliwa nacho. Ila wewe peke yako unajua nilikojifunzia kuandika.

Nyimbo za kanisani nilikuwa nazo zote kichwani. Miaka na miaka nimeshika kitabu, usharika mzima unaamini mimi ni msomaji. Wewe ukanishuku. Jumapili ile ukanigeuzia kurasa taratibu, mimi nikaendelea, macho kitabuni, sauti juu kuishinda kwaya. Ukaninong'oneza, "Mdogo wangu, hapo unaimba utaratibu wa mazishi."

Sikukusemesha wiki nzima. Wiki ya pili nikaja kwako, sikusema nimefuata nini, nawe hukuuliza. Ulikuwa unachekecha unga wa uwele. Ukausawazisha kwenye ungo, ukachora a kwa kidole. Mzee wa mvi, mwenye wajukuu, anajifunza a kwenye unga! Nikikosea unanigonga kidole, unatikisa ungo, inafutika, tunaanza tena. Hukumwambia mtu. Hata Yohana hukumwambia.

Lakini saruji haitikisiki, dada. Mara ya kwanza kuandika kitu cha kudumu, nakiandika juu yako, na nimekosea. Na hukuwepo kunigonga kidole.

Juma lililopita nikiwa nimekaa palepale akaja Mama Elia, yule mjane anayeuza kuku, mwenzako wa umoja wa akina mama. Akainama, akafuata maneno kwa kidole. A. Me. Ra. Akasimama. Akarudia. Nikamuuliza, wewe tangu lini unasoma? Akasema, "Naomi alinifundisha. Kwenye ungo." Kisha akaniangalia kwa huruma. "Mzee, hapa Naomi angefuta."

Ndipo nilipolia. Tangu tukuzike sikuwa nimetoa chozi, nilikuwa na kazi ya kulinda herufi. Nililia mpaka Mama Elia akanishika mkono kama mtoto, na sikuuondoa.

Jioni ileile nikamwambia Yohana alete marumaru yake. Nikamwambia na habari ya ungo. Akasema, "Basi mjomba, andika wewe kwenye karatasi, fundi achonge hivyohivyo." Nimeandika: NAOMI AMELALA. ATAAMKA. Nimekagua kila herufi mara tatu, na Mama Elia amekagua. Hilo neno la mwisho nimeliongeza mwenyewe. Zamani niliimba ufufuo bila kuusoma. Sasa nimeusoma kwa macho yangu, kwa Wathesalonike, neno kwa neno, siku nne, na nimeukuta upo.

Jumamosi tunavunja. Nyundo ya kwanza ni yangu, nimeshatangaza, na hakuna kijana hapa wa kuipiga kunizidi. Mama Elia bado maneno marefu yanamshinda, na wewe ulimwacha katikati. Nakuahidi nitamfikisha. Nisipojua neno nitasema sijui, mbele yake, kwa mdomo wangu huu.

Pumzika, dada yangu. Bwana atakapoita, kama utaniona bado nimelala, usipite. Unajua usingizi wangu ulivyo mzito. Niamshe.

Mdogo wako,
Petro