Beberu wa Mwangangi

Jumapili, 7 Novemba 1971
Huku Uingereza mchana kutwa ni Kiingereza, hata kuomba chumvi mezani. Humu nitaandika Kiswahili, ulimi upumzike. Baridi! Sweta mbili na bado meno yanagongana. Wangui wa chumba cha pili, msichana wa Nyeri, anasomea ualimu wa sekondari kama mimi. Ananicheka eti sisi Wakamba tumezoea kuanikwa juani. Acha acheke.

Nimemfikiria Mwangangi tangu kanisani. Saa hizi yuko Nuu anachanja ng'ombe wa watu, viatu vumbi tupu. Mbuzi wake wawili wa ntheo, wa kuniposa kimila, wako zizini kwa baba, Matiliku. Wa tatu, yule beberu wa kuchinjwa, bado yuko Nuu, ananingoja nirudi. Akiliwa na pande zote mbili ndio nitaitwa mke. Mwangangi alitaka achinjwe kabla sijasafiri, baba akakataa: mke wa mtu haendi ng'ambo mwaka mzima, lakini binti yake anaweza kwenda. Mwangangi alicheka tu. Akasema basi beberu aendelee kunona.

Alhamisi, 25 Novemba
Mazoezi ya kufundisha yameanza. Mimi, mtoto wa Matiliku, kuwafundisha Waingereza Kiingereza chao! Walinicheka ninavyotamka. Nikacheka nao. Halafu wakasikiliza. Msimamizi amesema nina kipawa. Nimerudi bwenini na furaha yangu yote, na mtu ninayetaka kumwambia yuko Nuu.

Jumatano, 8 Desemba
Telegramu ya baba. Mwangangi amekufa. Mto ulifurika akiwa anavuka. Wameshamzika.

Siwezi kuandika.

Ijumaa, 10 Desemba
Nilienda kwa mkuu wa chuo kuomba siku chache nisifundishe. Mama mpole, alinipa chai. Akauliza, alikuwa mume wako? Nikasema bado. Mchumba basi? Nikaanza kumweleza habari ya mbuzi wawili, nikaishia katikati. Ningemwelezaje? Akasema pole sana, labda kazi itanisaidia. Jumatatu niko darasani.

Nina hasira. Si na mkuu huyu.

Jumapili, 19 Desemba
Wangui ameketi nami tangu tutoke kanisani. Aliuliza tu, "Sasa kule kwenu wewe ni nani yake?" Nikamwambia beberu asipoliwa, mimi si mtu wake. Mjane hulia mbele ya watu. Mimi ni kama jirani aliyesikia habari. Akasema, "Basi lia hapa. Hapa hakuna mzee wa kukuuliza kitu." Nimelia mpaka nikapata kwikwi.

Jumanne, 11 Julai 1972
Niko Matiliku. Cheti ninacho, na sekondari moja ya wasichana inaningoja Septemba. Watu walijaa uani, akina mama wa kanisa wakaimba. Baba amezeeka kwa mwaka huo mmoja. Hakuniangalia usoni. Wageni walipoondoka alinifuata jikoni, akasimama mlangoni na kofia mkononi. "Muthoki, ni mimi nilikataa." Nikasema, ndiyo baba. Nilijaribu kumwambia si kitu. Sikuweza.

Alhamisi, 20 Julai
Nimefika Nuu. Kaburi lina mawe juu, na matawi ya miiba kuzuia mifugo. Mama yake, Kalunde, alinishika mkono mpaka pale. Kisha akaniachilia, akaenda kusimama na watu wa nyumba yake. Mimi nikabaki na wageni. Mwanamke mmoja akanong'ona, huyu ni nani? Akajibiwa: mwalimu kutoka upande wa Makueni, walijuana na marehemu.

Walijuana! Nimerudi bila kutoa chozi. Ningelilia nini, mtu tuliyejuana naye tu?

Jumamosi, 29 Julai
Kalunde ametuma shemeji yake, mzee Muli. Wanataka kumleta beberu. Mwangangi hayupo, lakini mbuzi wake bado anaweza kuliwa. Akiliwa, nimeolewa. Nitakuwa mke wa boma lile la Nuu. Watoto nitakaozaa, hata baba yao awe nani, wataitwa wa Mwangangi. Mume mwingine sitapata tena.

Mama amewaka. "Miaka ishirini na minne! Unaolewa na mawe?" Mchungaji amesema kanisa halitambui ndoa ya namna hiyo, halafu akauliza wageni watakuja siku gani, eti ajue kama aje kuombea chakula. Baba amesema neno moja tu. Safari hii hatakataa wala hatakubali, nitasema mwenyewe.

Na mimi nasema nini? Nikiamka nasema ndiyo. Nikinywa chai nasema hapana: kuna siku nitatoka darasani nimechoka, nitataka mtu wa kuniuliza nimeshindaje. Lakini nataka kumlilia Mwangangi. Nataka kuitwa wake mbele ya watu. Hilo tu. Mbona bei yake ni maisha mazima?

Jumatano, 2 Agosti
Sijui. Kichwa kinauma. Nimewafulia nguo zote za nyumba hii, hata zilizokuwa safi.

Jumamosi, 5 Agosti
Wamefika! Naandika haraka chumbani. Wazee wameketi uani, beberu amefungwa kando ya jikoni. Baba amewapangia hivi: nikitoka nikaketi karibu naye, mbuzi arudi Nuu na wale wawili. Nikiketi karibu na Kalunde, kisu kitolewe. Hakuna maneno mengine.

Mama ameingia, amenishika mkono. "Sema unaumwa. Mimi nitaenda kuwaambia." Nimemwambia hakuna haja, nitaketi karibu na baba. Ni kweli, nimeamua. Nimevaa hata gauni la kufundishia, wajue kabisa. Mama amefuta machozi, amesema asante Yesu.

Sasa hivi Kalunde ameita kutoka uani. Hakupaza sauti. Ameita tu kama mtu anayeomba maji ya kunywa.

"Mke wa Mwangangi yuko wapi?"

Nimeitika.

Sikufikiri! Nimesikia tu sauti yangu: "Niko huku, mama." Mama ameuachilia mkono wangu. Baba anakohoa. Wananingoja nitoke, nami nimeshaitika kama mke wake. Naweka kalamu.